Kabla ya kuongeza busti: linganisha WRX na STI, ujue kikomo cha injini yako

Wiki haipiti bila kijana kunisimamisha na Subaru Impreza yake akiuliza swali lilelile: "Kaka, hii ni WRX. Nikifunga tabo ya STI, si inakuwa STI?" Mwingine tabo ameshainunua mtaa wa Gerezani, anachotaka ni fundi wa kumfungia tu. Wa tatu injini yake imeshanoki (beringi za ndani zimeisha), na anashangaa kwa nini ya rafiki yake haikunoki wakati wote wawili waliongeza busti, yaani presha ya hewa ambayo tabo inasukuma ndani ya injini, kiasi kilekile.

Nimechoka kujibu mmoja mmoja, tena nusu ya majibu yangu huja baada ya injini kufa. Kwa hiyo naandika hapa hatua zote, kwa mpangilio ninaoufuata mimi mwenyewe. Jibu fupi la yule wa kwanza ni hapana. WRX na STI, matoleo mawili ya Impreza yenye tabo, zinafanana kwa sura, lakini ukizifungua ndani utakuta vyuma tofauti, na kila chuma kina kikomo chake.

Nazungumzia Impreza za umbo la mwaka 2000 hadi 2007 zilizotoka Japani, kwa sababu ndizo tulizonazo kwa wingi hapa Dar. Kama una Forester ya tabo ya kizazi hichohicho, SG5, injini yako ni ndugu wa ile ya WRX, ila kiwandani imewekwa nguvu za farasi 220. Hatua hizi zinakuhusu pia. Mwenye Legacy GT asome kwa mbinu tu, takwimu za humu asizitumie.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Tochi, kitambaa, na kadi ya gari.
- Kipimo cha kompresheni (presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda) chenye mpira mrefu wa kufunga kwa nati. Hii ni injini ya boksa, silinda zake zimelala na plagi ziko ubavuni, na kile kipimo cha kushikilia kwa mkono kitakudanganya.
- Kompyuta mpakato yenye programu ya RomRaider, ambayo ni ya bure, ya kusoma kompyuta ya gari, pamoja na kebo ya OpenPort 2.0 ya kuziunganisha. Unaweza kuazima kebo; usiache hatua hii kwa sababu huna yako.
- Geji ya busti, na geji ya kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta yenye sensa yake. Sensa ya oksijeni iliyokuja na gari haitoshi kusoma mchanganyiko wakati busti imejaa.
- Daftari. Andika kila namba na tarehe yake.
- Mtu wa pili wa kukaa na kompyuta. Dereva haangalii skrini.

Ambacho hukihitaji kwa sasa ni tabo, intakula kubwa (kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), au kile kibomba cha kukunjia kinachoongeza busti. Kama umeshavinunua, viache kwenye boksi.

Hatua ya 1: Jua gari lako ni lipi hasa

Nembo usiiamini. Herufi za pinki za STI zinauzwa kama stika za bodaboda, na bonde la hewa juu ya boneti, ule mdomo wa kuingizia hewa, linafungwa kwa dakika ishirini. Gari langu la kwanza la aina hii niliuziwa kama STI. Lilikuwa na nembo mbele na nyuma, viti vya STI, hata kibao kidogo kwenye usukani. Niliendesha miezi minne kabla fundi mmoja mzee hajainamisha kichwa, akasoma chesisi na kuniambia, "Mdogo wangu, hii ni WRX ya kawaida." Bei niliyolipa ilikuwa ya STI.

Fungua boneti. Soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Ikianza na GDA ni WRX ya sedani. GDB ni STI ya sedani. Wagoni zina GGA na GGB. Linganisha na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu.

Kisha tafuta kibati cha kiwanda kwenye chumba cha injini. Pale utaona aina ya gari, aina ya injini, na namba ya giaboksi. Hiyo ya giaboksi watu huiruka, lakini mimi ndiyo naipenda zaidi: ikianza na TY856 gari lilitoka na giaboksi ya gia 6 ya STI; ikianza na TY754 lilitoka na gia 5.

Hatua ya 2: Jua injini iliyomo leo

Kibati kinakuambia gari lilitoka kiwandani na nini. Hakikuambii kilichomo sasa hivi. Hapa kwetu injini zinabadilishwa sana. Zinakuja kutoka Japani na Dubai zikiwa nzima au zimekatwa na nusu ya gari, na zinafungwa gereji za Ilala kwa siku mbili. Si kosa, lakini lazima ujue.

Linganisha namba ya injini na iliyoandikwa kwenye kadi. Zikitofautiana, injini imebadilishwa. Muulize mmiliki wa kabla yako, na kashughulikie kadi TRA (Mamlaka ya Mapato) mapema kabla ya kufika siku ya kuuza. Halafu angalia vitu hivi kwa macho:

Tabo. Ina kibati kidogo kwenye konokono ya baridi, upande unaosukuma hewa. TD04 ndiyo ya WRX. STI za mwanzo za umbo hili zina VF30. Kuanzia mabadiliko ya mwishoni mwa 2002, STI za Japani zilipata tabo za njia mbili za kuingizia moshi, VF36 au VF37 kwa nyingi kati yake.

Intakula. Ya STI ni kubwa kuliko ya WRX, na sedani nyingi za STI zina kinyunyizio cha maji juu yake chenye tangi kwenye buti. Kama kinyunyizio kipo, kijaribu. Vingi nilivyoviona hapa mjini havikuwa na maji wala pampu inayozunguka, na mwenye gari hakujua kama anacho.

Kosa la kawaida: kuona tabo ya VF na kusema "injini ni ya STI". Tabo inafungika juu ya bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya WRX. Kinachobeba presha ni bloku.

Hatua ya 3: Weka vyuma viwili ubavu kwa ubavu

Hapa ndipo pa kutuliza kichwa.

WRX ya Japani, GDA, ina injini ya EJ205. STI ina EJ207. Zote ni lita 2, silinda yenye kipenyo cha milimita 92 na mwendo wa pistoni wa milimita 75, jumla sentimita za ujazo 1994. Namba hizi zikifanana watu husema injini ni moja. Tofauti zake ni hizi.

Bloku. Kwenye EJ205 mikebe ya silinda imesimama huru juu. Maji yanaizunguka pande zote mpaka kwenye gasketi ya hedi na hakuna kinachoishika. Kwenye EJ207 ya umbo hili kuna vidaraja vinavyounganisha mikebe na ukuta wa bloku. Presha ikiwa kubwa, mkebe uliosimama huru unatikisika zaidi, na anayeteseka ni gasketi ya hedi. Tofauti hii haionekani mpaka hedi ifunguliwe, na huwezi kuinunua dukani ukaifunga kwa bolti.

Mbano. Hapa ndipo lilipo jibu la yule kijana wa tatu. EJ205 ya Japani inabana hewa mpaka sehemu moja kati ya 9 za ujazo wake, yaani mbano wa 9. EJ207 ina mbano wa 8. Injini yenye mbano mkubwa inaamka haraka chini, ndiyo maana WRX ni tamu kwenye foleni kuliko STI. Lakini ukizipa zote mbili busti ya baa 1.3 kwa petroli ileile, ndani ya silinda ya EJ205 presha na joto vinapanda zaidi, na petroli inaweza kujilipukia kabla ya wakati wake. Rafiki wa kijana yule alikuwa na EJ207. Kifaa kilikuwa kimoja, geji inasoma namba moja, injini mbili tofauti.

Tahadhari hapa. EJ205 iliyouzwa Marekani ina mbano wa 8 na haina AVCS, ule mfumo wa kugeuza muda wa valvu, wakati ya Japani inao. Kwa hiyo ukitazama video ya Mmarekani akiisifia "EJ205" yake, huyo hana injini yako. Na STI ya Marekani ni EJ257 ya lita 2.5, ambayo pistoni zake zinajulikana kwa kupasuka kwenye kingo za ringi. Mapu ya kompyuta (majedwali yake ya mafuta, moto na busti) yaliyotengenezwa kwa magari hayo usiyaweke kwenye lako hata kama faili limekubali kuingia.

Nguvu ya kiwandani. WRX GDA: farasi 250 na toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 333. STI: farasi 280 kwenye karatasi kwa miaka yote ya umbo hili. Hiyo 280 ina historia. Viwanda vya Japani vilikubaliana kutotangaza zaidi ya farasi 280, na makubaliano yale yalikwisha mwaka 2004. Kwa hiyo farasi usizitumie kulinganisha STI na STI, tumia toki. Ilianza Nm 373 kwenye STI za 2001 na kufika Nm 422 kwenye zile za mwisho. Namba ya farasi haikusogea lakini injini ilisogea sana.

Giaboksi. Gia 5 ya WRX ni nyepesi na laini, na meno yake ndiyo kitu cha kwanza kuvunjika toki ikipanda, hasa kwa wanaoanza mwendo kwa kuachia klachi ghafla. Gia 6 ya STI ni nzito na imara kiasi kwamba kwa matumizi ya mjini unaweza kuisahau. WRX ya otomatiki ina gia 4. Kwangu mimi hilo ni gari la kubaki na nguvu za kiwandani.

Breki. Sedani nyingi za STI zina breki za Brembo. Ukitaka kuzihamishia kwenye WRX, hesabu matundu ya ringi za magurudumu: WRX zote za umbo hili ni matundu 5 kwenye duara la milimita 100, STI kuanzia modeli ya 2005 ni 5 kwenye duara la 114.3. Nimeona mtu amelipia seti nzima Kariakoo, hab hazikuingiliana na ringi zake. Ningependa watu wengi zaidi waanze na breki kuliko tabo.

Kosa la kawaida, na la gharama: kununua VF37 kwa ajili ya WRX. Ni tabo ya njia mbili. Manifoldi ya eksozi na bomba la kupandisha moshi vya WRX ni vya njia moja. Haikai bila kubadilisha mabomba yote ya chini pamoja na sahani ya oili. Muuzaji atakwambia "ni Subaru kwa Subaru, inakaa". Mwambie akuonyeshe uso wa flenji. Ukiona matundu mawili, siyo yako.

Hatua ya 4: Pima afya ya injini uliyonayo

Takwimu za kiwandani ni za injini mpya. Yako ina umri wa miaka ishirini na hujui nani aliiendesha kabla yako.

Washa gari mpaka lipate joto, lizime, toa fyuzi ya pampu ya mafuta, toa plagi zote nne. Pima kompresheni silinda moja moja huku mtu amekanyaga mafuta mpaka chini, geuza starter kwa mizunguko ileile kwa kila silinda. Namba yenyewe inategemea kipimo chako, tazama tofauti. Silinda moja ikiwa chini ya zenzake kwa zaidi ya asilimia 10, usiongeze chochote. Rudia ukiwa umeweka kijiko cha oili kwenye silinda hiyo: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, valvu au gasketi.

Plagi usizitupe. Zipange mezani kwa namba za silinda na uzisome. Vidoa vidogo vinavyong'aa kama fedha kwenye kauri nyeupe ni dalili ya alumini ya pistoni kuanza kuyeyuka.

Angalia oili. Injini hizi zinakula oili, na wengi wetu tunaangalia kijiti mara moja kwa mwezi. Kwenye tabo nyingi za Subaru zenye AVCS kuna kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba la oili linalokwenda kwenye tabo. Oili ikicheleweshwa kumwagwa, kichujio kinaziba, tabo inakosa oili, vipande vyake vinarudi kwenye injini. Fungua bolti hiyo uikague. Kazi ya saa moja.

Mwisho uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kiwanda kinasema kilomita 100,000. Kama hakuna anayejua, badilisha pamoja na pampu ya maji na zile roli zake. Mkanda ukikatika kwenye injini hii, valvu zinagonga pistoni.

Hatua ya 5: Hesabu Dar ndani ya kikomo chako

Hii sehemu haimo kwenye mwongozo wowote wa Wajapani au Wamarekani, na ndiyo inayoua magari yetu.

Kwanza petroli. Gari hili lilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo wenyewe huiita haioku na pampu nyingi kule huuza ikiwa na oktani (uwezo wa kutojilipukia ikibanwa) karibu 100. Tunayojaza hapa haifiki huko. Kompyuta ya gari inalijua hilo kwa kusikia injini ikigonga, yaani petroli ikijilipukia, kisha inarudisha moto nyuma: inachelewesha cheche ya plagi. Maana yake ni kwamba hata kabla hujagusa kitu, sehemu ya akiba ya usalama imeshatumika. Jaza kituo kimoja chenye wateja wengi na usibadilishebadilishe, ili vipimo vyako vilingane. Chupa za kuongezea oktani sizitegemei. Mapu yawekwe kwa petroli ya pampu, basi.

Pili joto. Intakula ya Impreza imelala juu ya injini. Ukikaa foleni ya Barabara ya Mandela kutoka Ubungo mpaka Tazara saa kumi na moja jioni, mwezi wa pili, hewa haipiti kwenye bonde la boneti na intakula inapikwa kutoka chini. Iguse baada ya safari hiyo. Hutaweza kuacha mkono. Na hapa kuna jambo wengi hawalijui: sensa ya joto la hewa kwenye magari haya imo ndani ya sensa ya hewa, karibu na kichujio, kabla ya tabo. Kompyuta haijui kwamba intakula imepikwa. Ukitoka kwenye foleni ukakanyaga mpaka chini, hewa ya moto inaingia na kompyuta inaamini kila kitu ni shwari. Mpe gari dakika mbili tatu za mwendo wa kawaida kwanza. Niwaombe sana mshike hili, hata kama hamtafuata hatua nyingine yoyote.

Tatu vumbi. Ukiishi ambako lami imeishia mbali, kichujio cha hewa cha karatasi cha kiwandani ni bora kuliko zile koni za wazi. Koni inavuta hewa ya moto ya chumba cha injini, na inabadilisha jinsi hewa inavyopita kwenye sensa, kwa hiyo mchanganyiko wa mafuta unaharibika bila wewe kugusa kompyuta.

Hatua ya 6: Sikiliza kompyuta kabla ya kuibadilisha

Unganisha kebo, fungua RomRaider, rekodi: mizunguko ya injini, busti, muda wa moto, marekebisho ya kugonga ya papo hapo, marekebisho ya kugonga yaliyojifunzwa, na namba iitwayo IAM.

IAM ndiyo imani ya kompyuta kwa petroli yako. Kwenye kompyuta za zamani za biti 16 ikiwa kamili husoma 16. Kwenye zile za biti 32 husoma 1.0. Ikiwa imeshuka na gari liko kama lilivyotoka kiwandani, kikomo chako umeshakifikia. Shughulika na sababu.

Nifafanue neno. Gereji "kunoki" maana yake ni beringi za koneti rodi kuisha na injini kupiga kelele. Kugonga ninakokusema hapa ni detonesheni, petroli kujilipukia. Sauti zake ni tofauti, lakini ya pili ikiachwa huzaa ya kwanza, au hupasua pistoni.

Rekodi mara mbili: asubuhi na mapema gari likiwa limepoa, na jioni baada ya foleni. Linganisha. Tofauti kati ya faili hizo mbili ndiyo picha halisi ya gari lako hapa mjini. Kurekodi kwa mwendo wa kawaida kunatosha kuona IAM na marekebisho yaliyojifunzwa. Kipimo cha kukanyaga mpaka chini kifanyike kwenye mashine ya roli, inayopima nguvu gari likiwa limesimama, au eneo la faragha lililofungwa. Barabara ya Bagamoyo usiku wa manane haijafungwa. Kuna watu wanavuka.

Hatua ya 7: Andika kikomo chako

Chukua daftari. Andika bloku, mbano, tabo, giaboksi, matokeo ya kompresheni, IAM ya jioni. Kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua.

Namba zangu, kwa injini nzima, petroli ya pampu, na mapu yaliyoandikwa kwa gari hilohilo:

WRX ya EJ205, TD04, gia 5: nasimamia farasi 270 hadi 280 na toki isiyozidi Nm 400. TD04 juu ya hapo inapuliza hewa ya moto tu. Busti itaanguka yenyewe mizunguko ikipanda, na kuilazimisha ni kuiua.

WRX hiyohiyo ikiwa na VF ya njia moja: tabo inaweza zaidi, lakini bloku, mbano na giaboksi ni vilevile. Nabaki farasi 300. Anayetaka zaidi namshauri auze, anunue STI. Ni rahisi kuliko kujenga.

STI ya EJ207 yenye gia 6: farasi 330 bila kuishi kwa wasiwasi. Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wengi wao wana gari la pili la kwendea kazini.

Kama kompresheni yako ina mashaka, futa namba hizi zote. Kikomo chako ni cha kiwandani, au chini yake.

Hatua ya 8: Fanya kwa mpangilio huu

1. Huduma kamili: oili, plagi, vichujio, mipira yote ya busti, na pampu ya mafuta kama ni ya zamani.
2. Breki na matairi.
3. Geji zote mbili, zifungwe pale macho yanapofika.
4. Bomba la eksozi kutoka kwenye tabo kwenda nyuma. Likifungwa, usikanyage mpaka mapu yabadilishwe, kwa sababu busti itapanda yenyewe.
5. Mapu. Mchanganyiko kwenye busti kamili uwe kati ya sehemu 10.8 na 11.5 za hewa kwa moja ya mafuta, injekta zisizidi asilimia 85 ya muda wake wa kufunguka. Mwambie fundi wako namba hizi kwa mdomo wako, na umuombe faili la kurekodi baada ya kazi. Asiye na faili hajapima.
6. Tabo, ikiwa daftari limeruhusu.

Kosa la kawaida: kuanza na namba 6, kisha kibomba cha kukunja, halafu kutafuta hela ya mapu "mwezi ujao". Sensa ya hewa itajaribu kufidia mafuta, lakini muda wa moto unabaki ule wa zamani, na busti ikizidi jedwali kompyuta inakisia.

Matatizo na namna ya kuyatafuta

Gari linakata ghafla kwenye busti kana kwamba limegonga ukuta laini. Kompyuta imekata mafuta kwa sababu busti imezidi. Usiweke kile kifaa cha kuidanganya sensa. Angalia kipira kidogo kinachokwenda kwenye weistigeti, ile valvu inayopitisha moshi pembeni ya tabo ili busti isizidi. Mara nyingi kimechomoka au kimepasuka.

Busti haifiki namba ya kawaida. Tafuta uvujaji kwenye mpira kati ya intakula na throto, na ule mpira wa chini wa kuingia kwenye tabo ambao hauonekani bila kutoa manifoldi. Pima kwa hewa ya kompresa ya presha ndogo na maji ya sabuni, povu litakuonyesha.

Busti inapanda pole pole mpaka inazidi kipimo mizunguko ikiwa juu. Eksozi imefunguka sana kuliko uwezo wa weistigeti. Tundu la weistigeti lipanuliwe, au urudishe bomba la awali.

IAM ilikuwa kamili, imeshuka baada ya kujaza mafuta. Anza na petroli. Endesha taratibu, jaza kituo kingine tangi likikaribia kuisha, rekodi tena. Ikibaki chini, angalia plagi na uvujaji.

Moshi wa bluu ukiachia mafuta na kukanyaga tena. Kagua tabo kwa kutikisa shafti kwa vidole kabla ya kulaumu ringi.

Klachi inateleza gia ya nne na mizunguko inapanda bila mwendo. Toki imezidi klachi. Punguza busti leo, klachi ije baadaye. Ikiendelea kuteleza itakula na flaiwili.

Mlio wa kugonga kutoka chini unaofuata mizunguko, unaosikika zaidi ukiwa na oili ya moto. Zima injini hapohapo ulipo, hata kama ni katikati ya Morogoro Road na umebakiza kilomita mbili kufika nyumbani. Ita gari la kuvuta. Ukizima mapema, krenki inaweza kusuguliwa na bloku ikatumika tena. Ukisema ufike kwanza, rodi inatoka ubavuni na hakuna tena cha kutengeneza.